Alikaa Minneapolis Miezi Mitano, Mto Hakuuona

Katika kibanda cha kinyozi ninakonyolewa pale sokoni Marani kuna mabango matatu ukutani. La kwanza lina vichwa vya vijana na mitindo ya nywele yenye nambari, ili mteja aseme tu "nipe kumi na nne". La pili ni la Arsenal ya miaka ile, ambayo wachezaji wake siku hizi tunawaona wakichambua mpira wakiwa wamevaa suti. La tatu ni mji. Ni usiku, maghorofa yamewaka taa mpaka kwenye maji yaliyo chini yake, na hapana jina popote. Kwa kuwa halina jina, kila Ijumaa mchana, watu wakijitengeneza kwa ajili ya Sabato, ubishi huanza upya. Huyu anaapa ni Dubai. Yule anasema ni Toronto, kaka yake alimtumia picha kama hiyo hiyo. Kinyozi, aliyelinunua bango lenyewe Daraja Mbili, anasema ni New York, na ubishi huishia hapo kwa sababu mashine iko mkononi mwake na kichwa chako kimenyolewa nusu.

Mimi huwauliza swali moja tu. Ukifika hapo, siku ya kwanza, utataka kuona nini? Majibu nimeshayakariri. Mmoja ataniambia binamu yake anakaa huko. Mwingine atanitajia dola kwa saa. Wa tatu ataniuliza kama namjua ajenti mwaminifu. Siku moja tu, kijana wa bodaboda alinyamaza kidogo, akalitazama bango, akasema: "Mwalimu, ningetaka kujua hizo taa huzimwa saa ngapi." Kibanda kizima kilimcheka.

Sikumcheka, kwa sababu ni yeye peke yake aliyejibu nilichouliza. Sisi watu wa Kisii na Nyamira ni wasafiri, hilo halina mjadala. Pita vijijini Kitutu uhesabu milango, hutafika mbali kabla hujakuta nyumba yenye mtu ng'ambo. Lakini miji hiyo tunaiota kwa tumbo, na tukifika tunaendelea kuitazama kwa tumbo hilo hilo. Tunaifagia, tunailinda usiku, tunawaogesha wazee wake, kisha tunarudi hatujaiona. Nasema hiyo ni hasara, tena ni hasara inayoingia hadi jikoni mwetu, ingawa hakuna anayeiandika kwenye daftari.

YERUSALEMU KABLA YA DUBAI

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mji wa kwanza wa ng'ambo ambao mtoto wa Marani huujua kichochoro kwa kichochoro ni Yerusalemu. Kabla sijajua gari la kwenda Nyamira hupandiwa wapi, nilijua kwamba ukitoka Mlima wa Mizeituni unateremka Gethsemane, unavuka kijito cha Kidroni, ndipo uone ukuta. Mwalimu wetu wa shule ya Sabato alituchorea ramani ile kwa kijiti kwenye vumbi nje ya kanisa. Kwa miaka kadhaa niliamini birika la Siloamu liko upande wa Sensi, nyuma ya kile kilima, na kwamba nikiwa mkubwa nitakwenda kwa miguu.

Mji wa pili uliletwa na redio. Tarehe 13 Oktoba 1968, Naftali Temu, mtu wa kwetu kutoka Nyamira, alishinda mbio za mita 10,000 kwenye Olimpiki za Mexico City, ikawa medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa Kenya. Siku chache baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000. Baba yangu, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa imeishia Kericho, alianza kuuzungumzia mji ule kama mtu aliyetoka huko jana. Alitueleza kwamba Mexico City iko juu milimani, zaidi ya mita 2,200, hewa yake ni nyepesi, na ndiyo maana Wazungu walikuwa wakidondoka na kupewa oksijeni huku mtoto wa milima yetu akipumua kama anapeleka maziwa kwa mchuuzi. Halafu 1972 ikaja Munich: Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko, wote watoto wa Gusii, pamoja na Julius Sang, wakachukua dhahabu ya kupokezana kijiti mita 400 mara nne. Hapo ndipo tulipojua kwamba kuna mji uitwao Munich, na mjomba wangu akamwita hivyo fahali wake.

Wazee wale hawakwenda popote. Hata hivyo ukimuuliza mmoja wao Mexico City ikoje, alikuwa na jibu: iko juu, ina hewa nyepesi, ina uwanja uliojaa watu waliomshangilia Temu. Waliiona kwa masikio. Waulize leo waliokaa Dallas miaka kumi na miwili Dallas ikoje. Watakuambia kodi ya nyumba.

Mambo kadhaa ndiyo yaliyoyageuza macho hayo. Kuanzia 1959 ndege za wanafunzi alizozipigania Tom Mboya ziliwachukua vijana wa Kenya hadi vyuo vya Marekani, na mji wa ng'ambo ukageuka cheti, cheti kikageuka kazi. Miaka ya 1990 ikaja bahati nasibu ya viza za Marekani, ile tunayoiita "kujaza green card", iliyotoa nafasi zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Mwezi wa Oktoba ulikuwa ukipita saiba yoyote ya Marani unakuta benchi limejaa, watu wakisubiri kupigwa picha mbele ya shuka jeupe, masikio yote mawili yaonekane. Dubai nayo ilikuja ndani ya mabegi ya wafanyabiashara, ikiwa simu, pazia na sufuria, hata neno "Dubai" likawa jina la mali kabla halijawa jina la mahali.

BASI LILILOPIGA MAGOTI

Nina jirani, omong'ina, yaani mama mzee, aliyepita miaka sabini. Sebule yake ina vitambaa vyeupe vya kushonwa kwa mkono juu ya kila kochi, na ukutani kuna kalenda ya 2014 yenye picha ya Minneapolis wakati wa joto: daraja la mawe lenye matao, maporomoko ya maji, maghorofa kwa nyuma. Tarehe zake zilikwisha zamani. Kalenda haiondolewi. Mwanawe aliituma, na mwanawe yuko huko.

Oktoba 2023 mwanawe huyo alimpatia mamake viza ya kutembea. Tulikwenda kumwombea. Mmoja wetu alinyoosha kidole kwenye kalenda akamwambia: "Sasa Mama, ndani ya picha hii ndimo utakamokuwa unakaa." Omong'ina akaitazama, akajifunga leso vizuri, kana kwamba walio kwenye picha wanamwona.

Alirudi Machi. Jioni ile ua ulijaa watu kama wa matanga, chai ikapikwa kwenye sufuria ya sherehe, tukakaa kusubiri habari za mji. Alitusimulia basi. Siku moja mwanawe alimpeleka kliniki, gari lao likiwa gereji, wakangoja basi barabarani. "Basi likafika," alisema, "dereva akaiona fimbo yangu, akabonyeza kitu, na lile basi likapiga magoti. Basi! Likainama upande wangu kama ng'ombe anayetaka kulala. Nikapanda. Nilipokaa, likasimama tena, likaenda." Alilisimulia mara tatu usiku ule, na mara ya tatu aliinuka akatuonyesha kwa magoti yake mwenyewe, yale yanayouma. Mambo mengine aliyapita upesi. Nyumba ilikuwa na joto hata alivua sweta, na nje kumejaa theluji. Jirani wa mlango wa pili hakuwahi kumpa hata salamu ya bwakire. Aliwahi kusimama dirishani asubuhi, akautazama ule weupe mpaka mwisho wa macho, akamuuliza mkaza mwanawe: "Hapa huwa mnapanda nini?"

Nikamuuliza kuhusu mto.

"Mto gani, Mwalimu?"

Nikamwonyesha kalenda. Aliisogelea, akaitazama muda mrefu, mkono mmoja ukiwa kiunoni. "Huu uko wapi?"

Nikamwambia kwamba Brooklyn Park, kitongoji alichokaa miezi mitano, kimepakana na mto huo upande wote wa mashariki. Akacheka, lakini hakucheka sana. "Basi," akasema, "hakuna aliyeniambia."

Nimelifikiria jibu lile kuliko hotuba nyingi nilizowahi kusikia. Mto wenyewe ni Mississippi. Unazaliwa katika jimbo hilo hilo la Minnesota, kwenye ziwa Itasca, mdogo kiasi kwamba watoto huuvuka kwa kukanyaga mawe, kisha unakwenda kilomita zipatazo 3,700 mpaka Ghuba ya Mexico. Ukifika Minneapolis unaanguka kwenye maporomoko ya Mtakatifu Anthony, na hayo ndiyo yaliyoujenga mji. Maji yale yalizungusha vinu vya ngano, na kuanzia miaka ya 1880 hadi 1930 hivi hapakuwa na mji duniani uliosaga unga kuushinda. Daraja la mawe lililo kwenye kalenda lilijengwa 1883 kwa ajili ya treni, na leo ni la watembea kwa miguu. Hata jina la mji limeungwa hivyo: neno la maji kutoka lugha ya Wadakota, wenyeji wa nchi ile, na neno la mji kutoka Kigiriki.

Sasa mfikirie omong'ina huyu. Babake alikuwa na hisa katika kinu cha maji, vile vinu vilivyokuwa kando ya mito ya Gusii enzi za ukoloni, vikisaga mahindi na wimbi. Utotoni alikuwa akitumwa na debe kichwani, akangoja zamu yake akitazama gurudumu likizunguka. Katika watu wote waliotua kwenye uwanja wa ndege wa mji ule mwezi huo, ni wangapi waliokuwa na haki ya kuyaona maporomoko yale kumshinda yeye? Angeyaelewa kuliko mtalii wa kutoka London. Angewaeleza walioko hapo jinsi jiwe la kusagia linavyochongwa upya likishakuwa butu.

Hakuna wa kulaumiwa kirahisi. Ilikuwa baridi, na mjukuu mchanga alikuwa mgongoni mwake. Mwanawe hufanya kazi usiku katika makao ya wazee, mchana anashika zamu nyingine katika nyumba ya watu wasiojiweza. Mkewe vivyo hivyo, kwa kupishana. Yaani kijana wa Marani anawalea mama za watu, mamake anatolewa Marani amlelee mtoto, na mumewe mzee akabaki hapa kijijini miezi mitano akilelewa na kijana wa kuajiriwa aliyekuwa akimpikia ugali mbichi. Mnyororo huo una pingu tatu. Nani ndani yake angepata Jumapili ya kwenda kutazama maji?

SHAMBA LINALOGEUKA TIKETI

Wanaonipinga, na kule kwa kinyozi ndio wengi, huniambia kuona ni anasa ya mwenye mshahara. Mwenye njaa hatazami mandhari. Nami sidharau kinacholetwa. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka Marekani. Najua nyumba za matofali zilizoota Marani kwa fedha hizo, najua karo zilizolipwa, najua figo zilizosafishwa. Mtu asije akasema Mwalimu anawaambia vijana wakae nyumbani wahesabu migomba.

Lakini tazama gharama ya ndoto hiyo inavyolipwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa baba, likagawanywa kwa wana, na sasa kinachogawanywa ni mistari ya migomba. Ndipo robo ekari inauzwa ili mmoja aende. Isipotosha, inaitishwa harambee. Ombi la viza ya kutembelea Marekani ni dola 185, karibu shilingi 24,000, na ukinyimwa hazirudi. Ya nchi za Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, nazo pia hazirudi. Kuna kaya hapa ambazo bonasi ya chai ya mwaka mzima imeishia kwenye dirisha la mahojiano yaliyochukua dakika mbili.

Mpwa wangu alilipa ajenti fedha za kazi ya Qatar. Alipewa risiti yenye muhuri na tarehe ya kusafiri. Tarehe ilipofika tulikwenda kwenye ile ofisi tukakuta ni bucha, na mwenye bucha, mtu mpole, akatuambia sisi ni wa saba wiki ile. Na hata serikali inaposhika usukani haimaanishi gari limepona: wazazi wa Uasin Gishu waliolipa fedha ili watoto wao wakasome Finland kupitia mpango wa kaunti walijikuta 2023 wakiandamana Eldoret wakidai fedha zao.

Aliyefika kwa shamba lililouzwa anafika na nini machoni? Mtu mwenye deni akiutazama mji anaona saa. Saa hii ni ya kulipwa, saa ile ni ya kupotea. Daraja la mawe ni saa ya kupotea. Jumba la makumbusho ni saa ya kupotea, tena lina kiingilio. Ndugu zake huku nyumbani wakiona picha yake akiwa ufukweni watauliza: huyu amepata wapi nafasi ya kustarehe na sisi tunakunywa chai ya rangi? Kwa hiyo hata akienda, haweki picha. Tumewafundisha vijana wetu kuona aibu kwa kutazama.

Kijana mmoja wa Kegogi alikuwa mlinzi Doha wakati wa Kombe la Dunia la 2022. Siku ya fainali, tarehe 18 Disemba, sisi tulijazana kwenye ukumbi wa video tukaiona Argentina na Ufaransa, tukauona uwanja wa Lusail kila pembe. Yeye alikuwa nje ya uwanja huo huo akielekeza magari. Alisikia kelele, akawa anabahatisha ni bao la nani. Aliporudi likizo ni sisi tuliomweleza mechi.

Na sasa ni zamu ya Ujerumani. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Berlin Septemba 2024, nasikia "B wani" na "B tuu", viwango vya lugha ya Kijerumani, kila ninapokaa kwenye Probox ya kwenda Kisii, hata tukiwa watu tisa ndani. Ni vizuri, waende. Nimemuuliza mmoja wao anayejifunza kwa bidii, mtoto mwenye akili, Berlin iko kwenye mto gani. Akaniuliza kama hilo swali huwa linatoka kwenye mtihani.

MKONO WETU ULITUTANGULIA PARIS

Kuna jambo ambalo lingefaa kufundishwa kwa kila mtoto wa Gusii kabla hajapewa pasipoti. Katika makao makuu ya UNESCO pale Paris, si mbali na ule Mnara wa Eiffel ambao kila mtu hupigia picha, iko kazi ya Elkana Ong'esa, mchongaji kutoka Tabaka. Inaitwa Enyamuchera, ndege wa amani. Jina la Ekegusii, katikati ya Paris, na sisi tunapita Paris tukibadilisha ndege, tumelalia mabegi, hatuna habari. Mkono wa Tabaka ulifika mjini kabla yetu na ukapewa mahali pa kukaa.

Nikisema hivi naambiwa: huyo ni msanii, alialikwa, si sawa na mtu wa kazi. Haya, tumchukue mtu wa kazi. Miaka ya 1890 Salim bin Abakari, Mswahili mwenye asili ya Komoro, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na mpaka Siberia. Hakuwa mtalii; alikwenda kama mtumishi, katika enzi ambazo mtu mweusi mbele ya bwana wake hakuwa na usemi. Lakini alikuwa na macho. Masimulizi yake yalichapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901, katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli, na ndani yake kuna miji, watu, desturi, mambo aliyoyapima kwa kipimo cha kwao. Macho hayana pazia, na bwana wake hakuweza kumkata mshahara kwa kutazama. Zaidi ya miaka mia moja na ishirini imepita. Je, maelfu yetu tulioko Marekani, Ghuba na Ulaya tumeandika nini kwa Kiswahili au Ekegusii kuhusu miji tunayoilinda usiku? Hivi hakuna daktari wa Gusii, muuguzi, dereva wa lori la masafa marefu, aliyeona kitu kinachostahili kurasa ishirini?

KITAMBULISHO NA HELMETI

Mwaka 2023, mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, nilifanya jambo ambalo mke wangu bado hulisimulia kama mfano wa uzee unavyoanza. Nilitoa akiba yangu ya Sacco, ambayo haikufika nusu ya bei ya mtamba wa maziwa, nikaenda Kigali. Sikuwa na mtu huko wala mkutano, na sikwenda kuuza kitu. Mkenya akipenda huingia Rwanda na Uganda bila pasipoti. Kitambulisho cha taifa kinatosha. Kisumu, Busia, Kampala, usiku kucha ndani ya basi, na tulipovuka Gatuna gari likahamia upande wa kulia wa barabara, mama mmoja nyuma yangu akapiga kelele akidhani dereva amesinzia.

Nilichagua Kigali kwa sababu moja. Nilitaka kuona mji wa watu waliobanana kama sisi, juu ya vilima kama vyetu, wenye migomba, mvua na udongo mwekundu kama wetu. Minneapolis ikinishinda nitasema wana fedha. Dubai nitasema wana mafuta. Kigali nitasema nini?

Pale Nyabugogo nilimwita mwendesha pikipiki. Akanipa helmeti. Nikaivaa, nikapanda, nikakaa kimya. Naye akakaa kimya. Tukatazamana kwenye kioo. Nilikuwa nangoja apakie abiria wa pili. Alipoelewa alicheka mpaka akashusha mguu chini, akaniambia kwa Kiswahili cha Goma kwamba huku mtu ni mmoja. Basi tukaondoka, nami kichwani nimevaa kitu ambacho kwetu Marani huning'inizwa kwenye usukani kwa ajili ya polisi.

Nilitembea siku nne kwa miguu yangu. Kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu, pembeni ina ukingo, na ilikuwa haikatiki mbele ya duka la mtu. Nilikaa kwenye benchi la umma, jambo ambalo sikumbuki kuwahi kulifanya Kisii mjini, na nikatazama watu wakipita bila mtu kuniuliza nanunua nini. Siku ya tatu nilipanda Gisozi, kwenye ukumbusho wa mauaji ya 1994, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Sitauelezea hapa. Nitasema tu kwamba nilitoka nikarudi kwenye lile benchi, na lile benchi lilikuwa limebadilika, na zile taa za barabarani zilipowaka jioni nilizihesabu moja moja mpaka kwenye kona. Simwambii mtu kwamba mji ule hauna shida zake. Siku nne si mwaka. Ila nilirudi nikiwa na maswali ya kumuuliza mwakilishi wa wadi yangu ambayo sikuwa nayo nilipoondoka, na moja lilikuwa dogo sana: benchi ni bei gani?

Waswahili wana methali mbili zinazogombana. Moja inasema mtembezi hula miguu yake. Nyingine inasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Marani tunaishi kwa ile ya kwanza. Niliporudi niliulizwa nilikwenda kwa nani. Nikasema si kwa mtu. Nimeleta nini? Kahawa kidogo. Nimepata kazi? Hapana, nilikwenda kuona. Kimya. Baada ya wiki moja mzee wa kanisa, mtu ninayemheshimu, alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba kama ni maradhi niliyokwenda kuchunguzwa, kanisa linaweza kuchanga.

Kijana wa bodaboda, yule wa taa, ndiye aliyekuja nyumbani kunisikiliza. Alikaa mpaka usiku. Alitaka kujua mambo ya helmeti kwanza, halafu jinsi barabara inavyomwaga maji ya mvua mlimani bila kuchimbika. Taa pia aliuliza. Nilimwambia nilikaa nikilinda mpaka saa saba usiku zikawa bado zinawaka, usingizi ukanishinda. Akasema yeye angengoja.

Ama omong'ina, kalenda yake bado iko ukutani. Mwezi uliopita nilipita kumsalimia, nikamkuta amepigiwa simu ya video, mwanawe yuko kwenye maegesho ya magari anatoka zamu, nyuma yake ni mchana mweupe. Mkaza mwanawe ana mimba tena, na viza ya mama haijaisha muda. Walikuwa wakipanga miezi. Mwanawe alitaka aende Novemba, mtoto akizaliwa. Omong'ina alisogeza uso kwenye kioo cha simu, karibu sana, kama wanavyofanya, tukawa tunaona paji la uso peke yake.

"Novemba siji," akamwambia. "Nitakuja Juni. Na utaomba ruhusa siku moja, unipeleke kule wanakosaga."

Mwanawe akauliza kule wapi.

"Muulize Mwalimu," akasema, akanipa simu.